Aliyepasuliwa Tumbo Asimfiche Daktari wa Moyo

Askari hufunzwa kumtambua adui mapema. Mmoja wa maadui wa moyo ni unene wa kupita kiasi, nao huwapata hata wale walioingia kazini wakiwa wembamba, hasa wanapotoka uwanjani na kukaa ofisini.

Mwaka 1966 Daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alianza kuwapasua watu wanene mno: mfuko wa chakula ulifanywa mdogo, na chakula kikapitishwa kando ya sehemu ya utumbo. Mwaka 1967 Daktari René Favaloro, huko Cleveland, alitumia mshipa wa mguuni ili damu ya moyo ipite kando ya mahali palipoziba. Leo mtu mmoja aweza kupasuliwa tumbo, na baada ya miaka akapasuliwa moyo. Je, upasuaji wa kwanza humfaa au humdhuru katika wa pili?

Humfaa kwa mengi. Mtu mnene mno hupata shida ya kupumua baada ya kupasuliwa, na kidonda cha kifuani huweza kuingia usaha. Aliyepungua huepukana na sehemu ya hatari hiyo. Uchunguzi wa Sweden ulioanza mwaka 1987 ulifuatilia watu wanene 4,047. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba kati ya 2,010 waliopasuliwa tumbo, 28 walikufa kwa maradhi ya moyo na mishipa. Kati ya 2,037 wasiopasuliwa walikufa 49. Hawakugawanywa kwa kura, hivyo huo ni ushahidi mzito lakini si hukumu ya mwisho.

Hata hivyo faida hiyo ina gharama yake. Baada ya upasuaji wa tumbo, mwili hupokea kwa shida madini ya chuma na vitamini B12, na upungufu wa damu ni hatari kwa anayekwenda kupasuliwa moyo. Aspirini, ambayo wagonjwa wengi wa moyo hupewa, huweza kuleta kidonda pale utumbo ulipounganishwa. Dawa ya kuzuia damu isigande huenda ikahitaji kipimo kingine. Tena, chombo cha kuchunguzia moyo kinachopitishwa kooni chaweza kujeruhi tumbo lililobadilishwa.

Hatari hizo zote daktari aweza kujikinga nazo, mradi azijue. Kwa hiyo twawasihi askari wenzetu na jamaa zao: mwelezeni daktari mlipasuliwa lini na kwa namna gani, mkapimwe damu mapema. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.