Yumo, Lakini Haonekani

Ndugu wasikilizaji, juma hili tuzungumze juu ya namna kompyuta inavyomtafuta mtu.

Safari moja, kwenye zahanati bonde la Kilombero, nilimwona mama na mwanawe wakiambiwa hawamo katika kompyuta. Walikuwa wametoka kwenye dungu, shambani kwa mpunga. Nusura mtoto aanzishwe chanjo upya. Karani alipopekua orodha nzima, kumbe wamo!

Kuandikisha watu si mchezo. Mwaka 1996 kituo cha utafiti cha Ifakara, ambacho siku hizi ni Taasisi ya Afya Ifakara, kilianza kuandikisha kaya katika vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga, na kuzitembelea kila baada ya miezi minne. Kwa rekodi nyingi hivyo, kupekua moja moja kunachosha. Programu huweza kutumia maelezo ya mtu kupiga hesabu ya namba ya droo, ikaenda hapo moja kwa moja. Hesabu hiyo mafundi huiita hashi.

Tuseme droo ni 100. Tukijumlisha tu namba ya kijiji na mwaka wa kuzaliwa, mtu wa kijiji cha 12 aliyezaliwa 1971 na wa kijiji cha 11 aliyezaliwa 1972 wote wanapata 1983: droo moja. Tukizidisha kwanza kijiji kwa 31, wanapata 2343 na 2313. Tukigawa kwa 100, yanabaki 43 na 13. Wametengana. Wawili kukutana droo moja si kosa, majina yatasomwa. Wakirundikana wote, kazi inalala.

Yako masharti mawili. Kwanza, rekodi tunazozihesabu kuwa sawa zipate namba moja. Kama tumekubali kwamba "Saidi" na "Said" ni jina moja, tusawazishe herufi kabla ya hesabu. Pili, tusitumie kinachobadilika. Makazi yakirekebishwa ndani ya rekodi, yenyewe inabaki droo ya zamani, nasi twaitafuta katika mpya. Afadhali kijiji alichoandikishwa mtu mara ya kwanza.

Kompyuta hufungua droo iliyoelekezwa, basi. Vijana mnaoandika programu, jiulizeni kwanza: mtu huyu akihamia shambani kesho, tutamwona?

Hadi juma lijalo, kwaherini.