Somo la Redio: Kulitazama Jengo

Leo tunajifunza kutazama jengo. Kazi hii haihitaji vitabu vingi. Yahitaji macho na maswali.

Ninyi mnaosoma Mnazi Mmoja, tembeeni hadi Soko la Kariakoo, lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Inueni macho. Paa lilijengwa kwa zege, mfano wa miavuli mikubwa iliyopinduliwa. Jiulizeni: kwa nini? Ilikusudiwa maji ya mvua yaingie humo, yashuke hadi kwenye matangi chini ya ardhi, na wauzaji wapate kivuli na hewa. Basi uzuri si mapambo tu. Umo katika kazi.

Mwaka 2021 soko hilo liliungua. Asiyejua kutazama, atajuaje cha kutunza?

Kwa herini.