Bia mbili katika glasi moja: nani hufaidika na mchanganyiko?

KATIKA baa nyingi za mijini, mteja anayemimina bia mbili tofauti katika glasi moja hutazamwa kama mtu asiyejua anachokunywa. Wenzake humwonya kuwa ataamka na kichwa kizito, naye mhudumu humtazama kwa jicho la huruma.

Hata hivyo, kuchanganya bia si jambo la walevi peke yao. Ni kazi yenye historia ya zaidi ya miaka 300, iliyowahi kuwasumbua watoza kodi wa London, inayowapa riziki mafundi wa Ubelgiji na ambayo, bila wanywaji wengi kufahamu, imekuwa ikifanyika ndani ya viwanda vya bia barani Afrika.

Mchanganyiko unaojulikana zaidi ni ule wa bia nyeusi aina ya stauti na bia ya rangi ya dhahabu, ambao Waingereza na Wamarekani huuita Black and Tan. Mhudumu hujaza nusu ya glasi kwa bia ya dhahabu, kisha humimina ile nyeusi polepole juu ya mgongo wa kijiko. Zikitulia, nyeusi huelea juu na ya dhahabu hubaki chini.

Wengi hudhani kuwa bia nyeusi ni nzito kuliko nyingine. Ukweli ni kwamba weusi huo hutokana na shayiri iliyokaangwa sana, wala si wingi wa sukari. Stauti ya Guinness ya pipa ina kilevi cha asilimia 4.2 tu, na sukari inayobaki baada ya kuchacha ni kidogo. Kwa sababu hiyo, ujazo uleule wa stauti hiyo huwa mwepesi kuliko wa bia nyingi za dhahabu za Kiingereza. Kijiko hakina muujiza wowote. Kazi yake ni kupunguza kasi ili tabaka mbili zisivurugane. Atakayejaribu kwa stauti kali ya chupa huenda akaambulia glasi yenye rangi ya matope.

Ajabu ni kwamba nchini Ireland, inakotoka stauti hiyo, mgeni anayeagiza kinywaji hicho kwa jina lake la Kiingereza anaweza kuuchafua usiku mzima. Black and Tans lilikuwa jina la askari walioajiriwa na Uingereza mwaka 1920 kuongeza nguvu za polisi wakati wa vita vya uhuru wa Ireland. Sare zilikuwa haba, hivyo wakavishwa mchanganyiko wa nguo za kipolisi za rangi ya giza na za kijeshi za kaki. Septemba mwaka huo waliuvamia mji wa Balbriggan na kuchoma nyumba za raia. Mwaka 2006 kampuni ya Ben & Jerry's ya Marekani ililazimika kuomba radhi baada ya kuipa aiskrimu yake jina hilo. Waairishi wenyewe huagiza "nusu kwa nusu", na mambo yakaisha hapo.

Asili ya uchanganyaji katika baa ni ya zamani zaidi, nayo inahusu fedha. Bunge la Uingereza lilianza kutoza kodi ya bia mwaka 1643, kukiwa na madaraja mawili tu: bia kali na bia hafifu. Bia iliyokuwa kali kupita kiasi ililipiwa kodi sawa na bia kali ya kawaida. Wajanja wakaona mwanya. Walinunua pipa la ile kali mno na pipa la ile hafifu, wakazichanganya, wakapata bia ya nguvu ya kawaida iliyolipiwa kodi pungufu. Sheria zikatungwa kukataza mchezo huo, lakini ni vigumu kumkamata mtu ambaye ushahidi wote umekwisha kunywewa na wateja.

Kamusi ya lugha ya wahuni iliyochapwa London mwishoni mwa karne ya 17 inataja kinywaji kiitwacho "nyuzi tatu", ikikieleza kuwa ni nusu bia ya kawaida na nusu bia kali. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1802, mwandishi John Feltham alitoa maelezo tofauti: eti wahudumu walichoka kujaza glasi moja kutoka mapipa matatu, ndipo mtengenezaji mmoja aitwaye Harwood akabuni bia moja yenye ladha ya zote tatu, nayo ikawa pota, mama wa stauti ya leo.

Hadithi hiyo ni tamu na imenakiliwa katika vitabu vingi. Mwanahistoria wa bia Martyn Cornell aliichunguza na kuonyesha kuwa haina ushahidi wa kutosha, na kwamba suala la kodi linaeleza mambo vizuri zaidi.

Mteja naye alikuwa na hesabu zake. Katika karne ya 20, Mwingereza aliyeshuku kuwa bia ya pipa imechuja aliagiza nusu painti yake, akaongezea chupa ya bia nyepesi iliyojaa gesi ili kuichangamsha. Faida ya pili haikusemwa kwa sauti: mhudumu asiyepima kwa makini alimimina zaidi ya nusu, na mteja akaondoka na ziada ya bure.

Huko ni kuchanganya mezani. Kuna kuchanganya kwingine ambako huhitaji miaka, na hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo.

Katika bonde la mto Senne, karibu na Brussels, hutengenezwa bia iitwayo lambiki. Majira ya baridi, maji ya nafaka yaliyochemshwa huachwa usiku kucha katika chombo kipana kilicho wazi, na chachu za porini zilizomo hewani huingia zenyewe. Kisha bia hulazwa katika mapipa ya mwaloni kwa mwaka mmoja, miwili au mitatu. Kila pipa huwa na tabia yake: moja kali kama siki, jingine lenye harufu ya zizi, jingine zuri lakini limepooza.

Kazi ya mchanganyaji ni kuonja mapipa hayo na kuyaoanisha. Lambiki changa bado ina sukari na uhai. Ya miaka mitatu ina kina cha ladha lakini haina gesi. Zikitiwa pamoja katika chupa huchacha upya, na hapo hupatikana geuze, jina linalosikika kama Kiswahili ingawa halina uhusiano wowote nacho. Tangu mwaka 1997 Umoja wa Ulaya unalilinda jina la Oude Geuze: wastani wa umri wa lambiki zilizochanganywa usipungue mwaka mmoja, na iliyo kongwe zaidi iwe na miaka mitatu au zaidi. Baadhi ya mafundi wa Ubelgiji hawapiki bia kabisa. Hununua lambiki kwa wengine na kuishi kwa ulimi wao.

Ni riziki ya hatari. Mei 2009, kifaa cha kudhibiti joto katika ghala la Armand Debelder, bwana wa 3 Fonteinen mjini Beersel, kiliharibika na kugeuza ghala kuwa tanuri. Chupa zipatazo 80,000 ziliharibika, baadhi kwa kulipuka. Miaka ya kungoja iliteketea kwa siku chache. Sehemu ya bia iliyopikika ilikenekwa na kuuzwa kama pombe kali ili biashara isife. Debelder alifariki mwaka 2022, na jina la nyumba yake bado lipo sokoni.

Kwa mnywaji wa Afrika, mfano ulio karibu ni stauti ya chupa. Katika nchi kadhaa, Nigeria ikiwamo, imekuwa ikitengenezwa kwa kupika kwanza bia ya rangi nyepesi kwa nafaka za hapo, kisha kuitia kiowevu kizito cheusi kinachosafirishwa kutoka Dublin. Nigeria ilipopiga marufuku uagizaji wa shayiri mwaka 1988, viwanda viligeukia mtama na mahindi, na weusi ukaendelea kuja kwa meli. Kwa hiyo anayemcheka jirani yake kwa kuchanganya nyeupe na nyeusi huenda ameshika mchanganyiko mkononi.

Lipo pia suala la kichwa kizito. Nusu lita ya bia ya asilimia 5 ikichanganywa na nusu lita ya asilimia 6.5 hutoa lita moja ya asilimia 5.75, yaani mililita 57.5 za kilevi halisi. Ni zilezile ambazo angezipata kama angekunywa chupa hizo moja baada ya nyingine. Tofauti ni kwamba anayezoea kuhesabu chupa ni rahisi kupoteza hesabu pale glasi yake inapoongezwa kidogo kutoka huku na kidogo kutoka kule.