Betri Mpya Iliyozimika Kisian



Juma hili naomba wasomaji waniwie radhi, niiweke kando mada ya mirathi tuliyokuwa nayo, nizungumzie mkanda wa mpira. Nawaelekea hasa akina mama, kwa kuwa katika nyumba nyingi siku hizi wao ndio wanaoshika usukani, kuwapeleka watoto madrasa, kwenda sokoni, na kumkimbiza mgonjwa hospitali usiku. Nao ndio wanaodanganywa zaidi gerejini.

Gari letu ni Toyota DX kuukuu, lenye umri mkubwa kuliko kifungua mimba wetu. Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili, masika yamekolea, tulikuwa tukirudi Kisumu kutoka Bondo nilikoitwa kufungisha ndoa. Mke wangu ndiye aliyekuwa akiendesha. Nyuma walikaa watoto wawili na mama mkwe, ambaye ana maradhi ya sukari, na sindano yake ya jioni tulikuwa tumeiacha nyumbani kwenye friji. Tulitaraji kufika kabla ya Maghrib.

Mvua ilipoanza, mke wangu akawasha taa na waipa. Punde si punde ikawaka ile taa nyekundu yenye picha ya betri. Waipa zikaanza kujikokota kama mtu mwenye usingizi, taa za mbele zikafifia, na mshale wa joto la injini ukapanda. Tulipokaribia Kisian, pale njia ya Bondo inapoungana na ile ya Busia, injini ikakohoa ikanyamaza. Kilichoniuma ni kwamba betri ile ilikuwa na siku tisa tu. Mke wangu ndiye aliyeinunua, shilingi 8,500, kwa fedha za zamu yake ya chama, baada ya fundi mmoja mjini kutuambia kwamba betri ya zamani imekufa.

Nami niseme ukweli ulivyo. Kabla ya betri kununuliwa, mke wangu alikuwa ameniambia mara mbili kwamba gari linapowashwa asubuhi hutoa mlio mkali kama wa paka aliyekanyagwa mkia, kisha hunyamaza. Alimwambia na fundi. Fundi alinigeukia mimi, akasema, "Shehe, hiyo ni baridi tu." Nami, nisiyejua kutofautisha alternata na starta, nikatikisa kichwa kwa kukubali.

Pale Kisian alitokea kijana anayetengeneza pikipiki kando ya barabara. Hakuuliza habari ya betri. Alifungua boneti, akahakikisha ufunguo umetolewa, akaubonyeza mkanda kwa kidole gumba. Ulizama kama kamba ya kuanikia nguo. Akaupindua kidogo, akanimulikia: ule upande wa ndani ulikuwa unang'aa kama kigae kilichopigwa nta. "Mama, haulii asubuhi huu?" alimwuliza mke wangu. Sikuwa na la kusema.

Sasa tuelewe jambo lenyewe. Betri si chemchemi ya umeme. Betri ni mtungi. Anayechota maji kisimani na kuujaza ni alternata, na kamba ya kuchotea ni ule mkanda wa feni, au feni belti kama mafundi waitavyo. Injini inapozunguka huuvuta mkanda, na mkanda huizungusha alternata. Katika magari ya zamani kama letu mkanda huohuo huzungusha na pampu ya maji pamoja na feni, ndiyo sababu mshale wa joto ulipanda. Mkanda ukilegea, huteleza juu ya puli badala ya kuizungusha. Huteleza zaidi ukilowa, na zaidi tena ukiwasha taa na waipa, maana hapo alternata inadaiwa umeme mwingi na huwa nzito kuzunguka. Ule mlio wa asubuhi ndio mteleko wenyewe: kuwasha gari kumechota katika betri, alternata inalazimika kurudisha kilichochotwa, na mkanda hauwezi kuishika. Mwenye kununua betri mpya katika hali hiyo amenunua mtungi mpya na kamba ni ileile.

Kwa hiyo taa nyekundu ikiwaka na mshale wa joto ukapanda pamoja nayo, shuku mkanda kwanza, na usiendelee na safari ukidhani ni betri tu. Injini yaweza kuungua kabla hujafika. Ikiwaka taa peke yake, zima redio, feni ya ndani na kila usichokihitaji, uelekee mahali penye msaada.

Taa hiyo ina desturi moja inayopasa kujulikana. Ukigeuza ufunguo kabla ya kuwasha injini, sharti iwake. Injini ikishika, sharti izimike. Isipowaka mwanzoni, usifurahi. Huenda balbu yake imeungua, na katika magari mengi ya zamani umeme mdogo unaopita katika balbu hiyo ndio unaoiamsha alternata ianze kazi. Nimekwisha kuona alternata nzima ikibadilishwa kwa sababu ya balbu.

Baada ya hapo ni mita ya kupimia umeme, ambayo bei yake ni ndogo kuliko ya betri kwa mbali, na matumizi yake hayahitaji elimu kubwa. Iweke kwenye volti za umeme wa betri, waya mwekundu kwenye kichwa cha kujumlisha, mweusi kwenye cha kutoa. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri iliyojaa husoma karibu 12.6. Ikisoma 12.0 au chini yake, imekauka. Kisha washa injini: namba ipande ifike baina ya 13.8 na 14.5. Washa taa na waipa, uikanyage injini kidogo. Namba isishuke chini ya 13. Ikibaki 12 na ushei, betri haijazwi, na sababu ni mkanda, au waya, au alternata yenyewe. Ikivuka 15, alternata inamimina kupita kiasi kwa kuharibika reguleta, na betri itachemka.

Kabla ya kuishtaki alternata, tazama vichwa vya betri. Wasomaji wetu wa Lamu na Mombasa wanaijua chumvi ya bahari inavyokula chuma. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa huzuia umeme kama kutu inavyozuia kufuli. Vua vichwa, kwanza kile cha kutoa, usugue kwa magadi yaliyokorogwa katika maji ya uvuguvugu, bila kuacha maji hayo yaingie ndani ya betri. Waya wa kwenda kwenye bodi la gari nao ukazwe.

Ama kuukaza mkanda, ni kazi ya robo saa. Injini izimwe na ipoe. Pima sehemu ndefu zaidi ya mkanda, baina ya puli mbili, uubonyeze katikati kwa nguvu ya gumba: ushuke kama milimita 10, si zaidi sana. Alternata imeshikwa na bolti mbili, moja ambayo ndiyo bawaba yake, na nyingine inayokwenda katika mwanya wa chuma kilichopinda. Zilegeze zote mbili, isukume alternata nje kwa kipande cha mti mgumu, ukiegemeza kwenye mwili wake mzito wa mbele wala si kwenye mfuniko mwembamba wa nyuma, kisha ukaze ya mwanya kwanza na ya bawaba baadaye. Pima tena. Mkanda mpya hunyooka siku za mwanzo, basi urudie kuupima baada ya juma moja. Wala usiukaze kama uzi wa udi, kwa kuwa mkanda uliokazwa kupita kiasi hula beringi za alternata na za pampu ya maji. Ulionyufuka, uliochanika au unaong'aa kama wetu haufai kukazwa tu; hubadilishwa. Magari mapya yana mkanda mpana wenye mifereji na teshena inayojikaza yenyewe, hayo yana hukumu yake.

Wapo wanaousugua mkanda kwa sabuni ili unyamaze. Huko ni kumziba mdomo shahidi. Wapo pia wanaovua kichwa cha betri injini ikiwa inazunguka, ati kuijaribu alternata. Tendo hilo huunguza dayodi zake, na cheche karibu na betri inayotoa gesi yaweza kuilipua. Nawasihi akina mama: boneti ikiwa wazi na injini inazunguka, mtandio, ushungi na mikono mipana ya buibui iwe mbali na feni. Inamisheni kichwa baada ya injini kuzimwa, na watoto wasimame kando.

Madarasani tunaifundisha Surat al-Mutaffifin, iliyowaonya wenye kupunja vipimo, tukitoa mifano ya muuza mchele na muuza nguo. Sioni kwa nini tusimtaje fundi anayeuza betri bila ya kupima. Una haki ya kumwambia, "Nionyeshe namba kabla hujatoa kitu," na ukapewa kile cha zamani ukitazame. Fundi mwaminifu hatakasirika.

Yule kijana wa Kisian alikuwa mwaminifu. Aliukaza mkanda kwa tahadhari, maana ulikuwa umechakaa, akawaita wenziwe watatu, wakatusukuma. Injini ikashika kwa gia ya pili. Alikuwa na mita ndogo iliyofungwa kwa utepe, ikasoma 13.9. Aliomba shilingi 200. Alituagiza twende polepole, tusizime gari popote, na mkanda mpya tuununue Jumatatu. Tukapita Otonglo, tukapita uwanja wa ndege, mama mkwe akivuta uradi wake nyuma kimyakimya. Sindano aliipata saa mbili na robo usiku, imechelewa lakini alhamdulillahi bila madhara.

Betri ileile ya chama ingali kazini hadi leo. Mita ameinunua mke wangu, na kila Ijumaa asubuhi yeye ndiye anayepima. Mimi hushika tochi.