Kwa nini mche wa bluberi kwenye chungu hufa wakati wa baridi, na jinsi ya kuuokoa

Mwezi wa nne, theluji ikishayeyuka jijini Minneapolis, Marekani, wapo wanaotoka kwenye roshani kukagua mche wao wa bluberi na kushusha pumzi. Matawi yako hai, vichipukizi vinafunguka. Wiki chache baadaye majani yote yananyauka, na mche unakufa.

Kumbe ulishakufa tangu katikati ya majira ya baridi. Kilichobaki hai ni matawi tu, yakitumia akiba yake ya mwisho. Mizizi ilikufa kwa baridi ndani ya chungu.

Kwa familia nyingi za Afrika Mashariki zinazoishi nyumba za kupanga jimboni Minnesota, chungu ndilo shamba pekee walilonalo. Na bluberi haina haraka, huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa vizuri. Ukipoteza mche, unaanza upya.

Tatizo liko kwenye mizizi

Mkulima wa Kinangop nchini Kenya au Makete nchini Tanzania anaijua baridi inayounguza majani ya viazi usiku mmoja. Lakini jua likichomoza, baridi hiyo huondoka, na udongo wa chini haugandi.

Minnesota baridi inakaa miezi. Kuna usiku kipimo kinashuka hadi nyuzi joto 25 chini ya sifuri. Matawi ya bluberi za kaskazini, yakiwa yamepukutisha majani na kulala, huvumilia hali hiyo. Mizizi haiwezi. Huanza kufa kwa baridi ambayo matawi wala hayaisikii.

Shambani, ardhi huifunika mizizi kama blanketi. Kwenye chungu, baridi inaingia kutoka pande zote. Ndiyo maana wataalamu wa bustani nchini humo hushauri kuchagua mmea unaovumilia baridi kali kuliko ile ya eneo lako. Chuo Kikuu cha Minnesota kimezalisha aina fupi zinazofaa vyungu, mfano Northsky iliyotolewa mwaka 1983.

Usiuingize sebuleni

Hili ni kosa la huruma. Bluberi inahitaji usingizi: aina nyingi za kaskazini hutaka takriban saa 800 hadi 1,000 za baridi iliyo chini ya nyuzi joto 7 ili zichanue vizuri. Ukiuweka karibu na hita, mche hautalala, na msimu ujao usitegemee matunda ya maana.

Ufanye nini?

- Acha mbolea mapema. Ukiweka mbolea mwishoni mwa kiangazi, mche hutoa matawi machanga ambayo baridi itayaua.

- Mwagilia kabla udongo haujaganda. Udongo wenye unyevu hutunza joto kuliko mkavu. Usiufanye tope tu.

- Hamisha majani yakishapukutika. Banda la gari lisilo na hita au stoo ya nje yenye ubaridi inafaa. Gusa udongo kila baada ya wiki kadhaa, na ukikauka weka maji kidogo.

- Una roshani tu? Sogeza chungu ukutani, kiinue juu ya ubao, kisogeze karibu na vyungu vingine. Kizungushie magunia au plastiki yenye mapovu ya hewa, kisha funika udongo kwa majani makavu. Gunia halitengenezi joto, linalichelewesha tu kutoroka, kwa hiyo zungushia tabaka kadhaa.

- Una uwanja? Chimba shimo, zika chungu hadi ukingoni na uweke matandazo juu. Theluji ikianguka, iache hapo hapo. Nayo ni blanketi.

- Angalia chungu chenyewe. Cha udongo wa kuchoma hupasuka maji yakiganda ndani yake. Cha plastiki nene au mbao ni salama zaidi.

Usiharakishe kuondoa magunia siku ya kwanza ya jua. Minneapolis huweza kupata baridi ya kugandisha hata mwezi wa tano, na maua yakishafunguka huungua kirahisi.

Na ukitaka kujua kama mche umepona, usidanganywe na matawi. Utoe taratibu kwenye chungu uangalie mizizi. Iliyo hai ni imara na ina rangi hafifu. Iliyokufa ni nyeusi, na ukiigusa inapondeka.