Viongozi na Raia kwenye Benchi Moja: Namna Mjadala wa Televisheni Unavyoweza Kusaidia Amani

Jamaa iliyokimbia vita ina maswali mengi. Tutarudi lini? Nani anakaa katika nyumba yetu? Kwa nini majina yetu hayamo kwenye orodha ya ugawaji? Mara nyingi maswali haya huulizwa usiku, ndani ya kibanda, kati ya watu ambao wote hawana jibu. Mwenye jibu yuko mbali, ofisini, ama hakuna anayejua ni nani.

Katika nchi kadhaa televisheni ya umma imejaribu kuwakutanisha hao wawili: raia mwenye swali na kiongozi mwenye wajibu wa kujibu. Makala hii inaeleza namna kipindi kama hicho kinavyofanya kazi, faida yake, hatari yake, na namna ninyi mlio kambini au katika jamaa zilizowapokea mnavyoweza kutumia kanuni zake hata pasipo kamera.

Ni kipindi cha namna gani?

Televisheni ya umma ni ile iliyowekwa kwa ajili ya wananchi wote, kama RTNC ya Congo, KBC ya Kenya au BBC ya Uingereza. Mwaka 1979 BBC ilianzisha kipindi kiitwacho Question Time, kwa kufuata mfano wa kipindi cha redio kilichokuwapo tangu 1948. Kipindi hicho huhama kutoka mji hadi mji. Mezani huketi watu wa serikali, watu wa upinzani na wengine wasio wanasiasa. Mbele yao huketi raia, ambao huchaguliwa kwa uangalifu ili wenye maoni tofauti wote wawemo. Raia ndio wanaouliza. Walioko mezani hawaonyeshwi maswali mapema.

Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo yenye nguvu. Kiongozi anayejua maswali kabla huja na hotuba iliyoandikwa. Asiyeyajua hulazimika kusikiliza kwanza.

Mfano wa jirani: Sema Kenya

Mwishoni mwa Desemba 2007, baada ya matokeo ya uchaguzi wa rais kutangazwa, Kenya iliingia katika machafuko. Watu zaidi ya 1,000 waliuawa, na zaidi ya 600,000 walihama makwao. Mapatano ya tarehe 28 Februari 2008, yaliyosimamiwa na Kofi Annan, yalisimamisha mapigano. Lakini uchungu ulibaki, na wengi waliendelea kuishi kambini. Mwaka 2010 nchi ilipata katiba mpya iliyoanzisha kaunti 47, na uchaguzi mwingine ulipangwa kufanyika Machi 2013. Watu waliogopa kwamba yale ya kwanza yangerudi.

Ni wakati huo, mwaka 2012, ambapo BBC Media Action, shirika la hisani la BBC, lilianzisha Sema Kenya. Kipindi hicho kilikuwa kwa Kiswahili, katika televisheni na redio. Mwongozaji wake alikuwa Joseph Warungu, mwandishi wa habari aliyewahi kufanya kazi BBC. Hakikubaki Nairobi. Kilikwenda katika sehemu mbalimbali za nchi, na watu wa mahali hapo waliwauliza viongozi wao juu ya usalama, udongo, kazi na maji. Mkulima aliyekuwa nyumbani kwake mbali aliona jambo ambalo hakulizoea: mtu kama yeye, kwa lugha anayoielewa, akimtaka mkubwa ajieleze.

Kuwapa watu nafasi ya kusema, peke yake, hakutoshi

Hapa inafaa tuwe waangalifu. Wengine hudhani kwamba ukimpa kila mtu kipaza sauti, amani itakuja yenyewe. Kenya hiyohiyo inaonyesha kinyume. Wakati wa machafuko ya 2007 na 2008, baadhi ya redio za lugha za makabila zilifungua simu kwa wasikilizaji bila mtu wa kuchuja. Wengine walipiga simu na kuwaita majirani zao magugu. Watangazaji wengi hawakuwa wamefunzwa namna ya kumkatiza mtu wa namna hiyo.

Sisi wa Maziwa Makuu tunajua pia habari ya RTLM ya Rwanda, redio iliyoanza 1993 na kuchochea mauaji ya kimbari ya 1994. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwahukumu watu waliohusika nayo.

Kwa hiyo tofauti kati ya mjadala unaojenga na mjadala unaobomoa haiko katika idadi ya watu waliosema. Iko katika mwongozaji na kanuni. Mwongozaji mzuri hana upande. Anakata maneno ya matusi mara moja. Akisikia «wale watu», anauliza: «Unamsema nani, na alifanya nini?» Na kiongozi akizungukazunguka, anamrudisha kwenye swali.

Kwa nini wakubwa waketi pamoja?

Tuchukue mfano wa udongo, ambao unagombanisha watu wengi mashariki mwa Congo. Mama mmoja anarudi kijijini na kukuta shamba lake linalimwa na mtu mwingine. Anakwenda kwa mwami. Mwami anasema nenda kwa serikali. Afisa wa udongo anasema lete karatasi. Hana karatasi, kwa maana baba mkwe wake alipewa shamba kwa desturi. Mahakama iko mbali na inataka franga.

Shida hii ina mizizi. Sheria ya mwaka 1973 inasema udongo wote ni mali ya serikali, lakini vijijini wakubwa wa desturi ndio wameendelea kugawa mashamba. Kila mmoja ana kipande cha mamlaka, na kila mmoja anaweza kumtuma mama huyo kwa mwenzake.

Mjadala mzuri unawaketisha mwami, afisa wa udongo na mwanasheria kwenye benchi moja. Swali la yule mama likiulizwa, mwami hawezi kusema «nenda kwa afisa», kwa sababu afisa yuko pembeni yake. Hapo watu wote wanajifunza sheria, na kazi ya kila mkubwa inajulikana. Huo ndio mjadala wa kina: jambo moja, wenye mamlaka wote, muda wa kutosha.

Kanuni ambazo kambi inaweza kutumia

Si kila jamaa ina televisheni, na umeme ni wa taabu. Redio inafika mbali zaidi. Radio Okapi, iliyoanzishwa Februari 2002, ilileta kipindi chake cha mjadala kati ya Wakongomani, na vikundi vya wasikilizaji vinaweza kukutana na kuzungumza baada ya kusikiliza kipindi kama hicho. Tena desturi ya barza, watu kuketi pamoja na kumaliza maneno, ni yetu tangu zamani. Kamati ya kambi inaweza kuandaa barza ya maswali kwa kufuata haya:

1. Chagueni jambo moja tu. Barza ya mambo kumi haimalizi hata moja.

2. Hakikisheni wote wamo: wanawake, vijana, wazee, walemavu, watu wa kila kabila, na wakaaji wa kijiji kilichowapokea. Wakaaji nao wana maswali yao, kwa mfano juu ya kuni na maji.

3. Mwongozaji asiwe rais wa kambi wala mtu wa shirika linalogawa msaada. Awe mtu anayeaminiwa na pande zote, kwa mfano mwalimu.

4. Waambieni wageni jambo litakalozungumzwa, lakini msiwape maswali.

5. Swali liwe fupi, na liguse kitendo wala si kabila. «Kabila lile litaondoka lini?» ni swali la kuleta vita. «Nani ana mamlaka ya kuamua juu ya shamba langu, na itachukua siku ngapi?» ni swali linalotaka jibu.

6. Heshima ibaki. Mtu anaweza kusema: «Mwami, kwa heshima yote, sijasikia jibu la swali langu.» Hilo si tusi.

7. Andikeni kila ahadi katika daftari: nani ameahidi, nini, na kwa tarehe gani. Pangeni siku ya kukutana tena na kusoma daftari hilo mbele ya watu wote.

Kulinda wanaosema

Mkimbizi akionekana kwenye televisheni, uso wake unafika hata kule alikotoroka. Kabla ya kukubali kamera, mwulizeni mwandishi wa habari kipindi kitaonyeshwa wapi, na kama mtu anaweza kusema bila jina wala uso. Aliyebakwa asiombwe kueleza habari zake mbele ya watu. Mtoto asisemeshwe pasipo mzazi au mlezi wake kukubali. Mambo ya majeshi na mahali yalipo yasiulizwe kabisa, maana yanaweza kuleta kifo. Na mtu akikataa kusema, asinyimwe msaada wala asilaumiwe.

Neno kwa viongozi

Viongozi wengine huogopa mikutano ya namna hii. Wanaona kwamba kuulizwa hadharani ni kuvunjiwa heshima. Lakini mahali ambapo watu hawaulizi, wanakisia. Chakula kikichelewa, husemwa kimeuzwa. Jina likikosa kwenye orodha, husemwa ni sababu ya kabila. Uvumi wa namna hiyo umewahi kuwasha moto kambini. Kiongozi anayesema wazi, «Hili silijui, nitalitafuta na kurudi Jumatano,» kisha akarudi Jumatano, huaminiwa kuliko mwenye maneno matamu.

Kamati zinazotaka kujaribu zianze na jambo dogo ambalo linaweza kupata jibu upesi, kama foleni ya maji au saa za zahanati. Watu wakiona kwamba swali moja limejibiwa na ahadi moja imetimizwa, watakuja kwenye barza ya pili wakiwa tayari kuzungumzia yaliyo mazito zaidi: udongo, kurudi nyumbani, na namna ya kuishi tena na jirani.