Ganzi kidondani yapunguza maumivu baada ya upasuaji wa mawe ya figo

Mgonjwa akishatolewa mawe ya figo, ndugu humzunguka kitandani wakitaka kuyaona hayo mawe. Yeye hana habari nao. Nusukaputi imekwisha, na ubavu unawaka moto.

Hapa Rwanda husemwa kwamba machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Sisi tuliosomea ukimbizini Tanzania tulikua na usemi huo nyumbani, na shuleni tukaambiwa tupige moyo konde. Usemi una heshima yake, ila wodini haufai. Mwenye maumivu ya ubavu haogopi kulia tu. Anaogopa hata kukohoa na kuvuta pumzi ndefu. Makohozi hubaki mapafuni, na nimonia hupata mlango.

Ipo njia nyepesi ya kumsaidia. Katika upasuaji wa tundu, ulioanza Sweden mwaka 1976, daktari hupenya mgongoni kwa tundu lisilozidi upana wa kidole, akalivunja jiwe na kulitoa. Maumivu yanayofuata hutoka kwenye ngozi, misuli, utando wa figo na mpira wa mkojo unaoachwa hapo. Basi kabla mgonjwa hajazinduka, daktari huchoma dawa ya ganzi iitwayo bupivakaini kuizunguka njia hiyo, toka kwenye figo hadi ngozini. Neva hushindwa kupeleka habari za maumivu kwenye ubongo. Hata anayepasuliwa ubavu kwa kisu, kama zamani, huweza kuchomwa kidondani kabla ya kushonwa.

Bupivakaini hudumu saa kadhaa, kuliko lidokaini ya daktari wa meno. Tafiti zimeonyesha kuwa saa za mwanzo mgonjwa huhitaji mofini kidogo zaidi, hivyo kichefuchefu na usingizi mzito hupungua. Hilo si dogo, kwani diklofenaki, kimbilio la wengi, yaweza kuidhuru figo iliyokwisha kudhoofika.

Kipimo hufuata uzito wa mgonjwa, kwani ikizidi au ikiingia kwenye mshipa wa damu huweza kusimamisha moyo. Ulimi kufa ganzi au masikio kuvuma ni dalili za kumwita daktari mara moja.

Muulize daktari wako mapema kama utachomwa ganzi hiyo, na itakwisha saa ngapi. Ikikaribia kwisha, omba vidonge kabla maumivu hayajapanda.